Goti Jipya na Maumivu Yaliyobaki

Nawasalimu ninyi mlio jikoni mkitengeneza chai, nanyi mlio bado kitandani, ambao siku yenu haianzi kwa kuinuka bali kwa kujiuliza kama mtaweza kuinuka. Asubuhi ya leo nataka kusema zaidi na hawa wa pili. Nataka kusema habari za watu waliopasuliwa na kutiwa kiungo cha bandia, goti au nyonga, wakarudi nyumbani, jamaa wakamshukuru Mungu, kisha wiki zikapita, na miezi ikapita, na bado wanaumwa.

Zamani jambo hili halikuwa letu. Mtu akizeeka na magoti yake yakakataa, alipewa fimbo na kiti cha kuotea jua, basi. Siku hizi operesheni hizi hufanywa hapa kwetu Kenya, katika hospitali za serikali, za misheni na za watu binafsi, na ni vigumu kupata ushirika ambao haujasikia kwamba mama wa fulani amewekewa chuma gotini. Kwa hiyo imekuwa habari ya kanisa pia. Maana mara nyingi ni kanisa lililofanya harambee, na ni kanisa hilo hilo linalongoja kuona matunda ya harambee yake. Hapo ndipo taabu nyingine inapoanzia, nami nitaifikia.

Kwanza tufahamu ni kitu gani kilichofanywa. Mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa mfupa wa muundi hufunikwa na gegedu, kile kitu cheupe, laini, chenye utelezi, mnachokiona katika kiungo cha mbuzi mnapochinja. Gegedu ikiliwa na miaka, au na uzito, au na jeraha la zamani, mifupa husagana yenyewe kwa yenyewe. Daktari basi hukata milimita chache za mfupa uliochakaa, juu na chini, akazivika ncha hizo kofia za chuma, na katikati akaweka kipande cha plastiki. Kwa nyonga, kichwa cha mfupa wa paja huondolewa, pakawekwa tufe jipya lenye shina linaloingia ndani ya mfupa, na kikombe kipya cha kulipokea tufe hilo. Plastiki yenyewe ni polithini, ya ukoo mmoja na ile mifuko iliyopigwa marufuku Kenya mwaka wa 2017, ila hii ni ngumu zaidi mno. Kumbe kitu kilichokuwa kikiziba mitaro yetu ndicho kinachowatembeza wazee wetu!

Mtu aliyeifungua njia hii ni daktari Mwingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington, kaskazini ya Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuwawekea wagonjwa nyonga zenye kikombe cha Teflon. Walitembea, wakafurahi. Lakini baada ya miaka michache Teflon ikalika, unga wake ukaudhi mwili, na ikambidi daktari awapasue tena watu wale wale. Aliyemwonyesha njia ya kutoka ni fundi wake, Harry Craven. Mwaka wa 1962 mchuuzi mmoja alileta kipande cha plastiki ya namna nyingine. Daktari alikikwaruza kwa ukucha, akakidharau. Alipokuwa safarini Craven akakitia katika mashine ya kupimia, na daktari aliporudi akakuta kwamba kwa wiki tatu kitu kile kilikuwa hakijalika hata kama Teflon ilivyolika kwa siku moja. Charnley alijitia vipande vya plastiki zote mbili ndani ya paja lake mwenyewe, aone mwili utasemaje. Mnamo Novemba mwaka ule wa 1962 akaanza kuweka nyonga za namna mpya, na mpaka leo nyonga nyingi zinazowekwa duniani hufuata mfano wake. Magoti ya chuma na plastiki yalifuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960.

Naisimulia habari hii kwa sababu watu wengi huingia katika chumba cha operesheni kana kwamba wanaingia katika kisima cha muujiza. Kiungo hiki ni kazi ya mikono ya watu waliojaribu, wakashindwa, wakajaribu tena. Ni kazi njema sana. Hesabu zilizokusanywa na kuchapwa mwaka wa 2019 zilionyesha kwamba katika magoti 100 yaliyobadilishwa, kama 82 yalikuwa bado yako mahali pake baada ya miaka 25, na katika nyonga 100, kama 58. Ni wachache miongoni mwetu wenye gari au hata jembe la kudumu hivyo. Lakini goti hili si lile ulilozaliwa nalo, na daktari anayemwambia mama wa miaka 70 kwamba atarudi kuwa kama msichana amemwekea deni ambalo goti haliwezi kulilipa.

Siku za kwanza zina ukali wake. Mgonjwa husimamishwa siku ile ile au kesho yake, na wengi hufikiri wauguzi hawana huruma. Sivyo. Wanamsimamisha ili damu isigande miguuni na mapafu yasijae. Akirudi nyumbani hutembea na magongo au na kile chuma cha miguu minne, na nyuzi hutolewa baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Mguu huvimba mpaka kwenye kifundo, hubadilika rangi, huwa wa moto. Saa nane ya usiku, nyumba nzima imelala, ndipo goti linapotaka mazungumzo. Usiku huo wa manane msikilizaji asidhani kwamba operesheni imeharibika. Wiki sita za mwanzo ni za namna hiyo kwa watu wengi. Uvimbe na joto huweza kuendelea miezi mitatu, hata sita, na mguu huendelea kutengenea mpaka mwaka mzima utimie. Ngozi ya upande wa nje wa kovu hubaki na ganzi, pengine daima, kwa kuwa vijineva vyake vilikatwa. Na goti likilia tik, tik, unapotembea, ni chuma na plastiki zinagongana kidogo tu, wacha lilie.

Kazi kubwa ya siku hizo ni mazoezi, wala hapana anayeweza kukufanyia. Wapo mabinti wenye upendo mwingi ambao humtilia mama yao mto chini ya goti ili apumzike vizuri. Upendo huo ni wa kumharibia, maana goti likizoea kulala limekunjika halitanyooka tena sawasawa. Weka mto chini ya kisigino, goti lijinyooshe lenyewe. Likunje na kulinyoosha mara kadhaa kwa siku, umeze dawa ya maumivu nusu saa kabla, kisha utie barafu iliyofungwa katika kitambaa. Ukiwa huna friji, kitambaa kilichochovywa katika maji baridi ya mtungi hupunguza moto kidogo.

Kisha kuna nyumba zetu. Vitabu vya mazoezi vinavyogawiwa hospitalini vingi viliandikwa kwa watu wenye viti virefu na vyoo vya kukalia. Mama wa kwetu hupika juu ya mafiga akiwa amekaa kwenye kigoda, huosha vyombo akiinama, na choo chake ni cha shimo. Goti la bandia mara nyingi hukunjika kupita pembe mraba, lakini si mpaka kuchuchumaa. Na aliyebadilishiwa nyonga, hasa miezi mitatu ya kwanza, mara nyingi huonywa asikae chini kiasi cha magoti kuwa juu kuliko nyonga, wala asipishanishe miguu, kwa kuwa tufe laweza kuchomoka katika kikombe chake. Kwa hiyo kabla hajarudi kutoka hospitali, mwiteni seremala. Atengeneze kiti imara chenye tundu katikati, kiwekwe juu ya choo cha shimo, na upau wa kushikia ukutani. Jiko liinuliwe juu ya meza ya matofali. Fedha hiyo si nyingi ukilinganisha na iliyolipwa hospitalini, na bado nimeona familia zilizouza ng'ombe kwa ajili ya goti zikashindwa kununua mbao mbili kwa ajili ya choo. Na matatu? Asipande kwa haraka ya utingo. Aupandishe kwanza mguu mzima, na anaposhuka aushushe kwanza ule uliopasuliwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mama mmoja wa ushirika wa jirani, sitamtaja, alibadilishiwa goti. Waumini walichanga, walifunga na kuomba, walimsindikiza. Mwezi wa pili akaitwa mbele atoe ushuhuda, akautoa, akafunga kwa wimbo, watu wakapiga vigelegele. Mwezi wa tisa alikuwa ameacha kuja kanisani. Watu walisema amerudi nyuma. Mzee mmoja alipomtembelea, alimkuta anatembea vizuri tu uani kwake, anamwaga maji ya kuku. Akamwuliza, Mama, mbona hatukuoni? Akasema, Baba, kila ninayekutana naye mlangoni ananiuliza, Umepona? Nikisema nimepona, nimedanganya mbele za Mungu. Nikisema bado linauma, naona uso wake unabadilika, kama mtu aliyenunua mbegu zikakataa kuota. Basi nimeona heri nikae na kuku wangu.

Ndugu zangu, huyu mama hakurudi nyuma. Yeye alikuwa mkweli kuliko sisi. Na zaidi ya hayo, hali yake si ya ajabu. Mwaka wa 2012 wataalamu wa Uingereza walikusanya tafiti nyingi juu ya watu waliobadilishiwa viungo. Zile zilizofanywa kwa uangalifu zaidi zilionyesha kwamba, kati ya miezi mitatu na miaka mitano baada ya operesheni, watu kama 9 katika 100 waliowekewa nyonga, na kama 20 katika 100 waliowekewa goti, bado walikuwa na maumivu ya kuwasumbua. Watu 20 katika 100! Ndiyo kusema magoti matano yakifanyiwa harambee, moja laweza kuendelea kuuma, hata ikiwa daktari ni hodari, picha ni nzuri, na maombi yalikuwa ya kweli. Wengi wa hao bado ni afadhali kuliko walivyokuwa. Lakini wanaumwa, na hawana mahali pa kusema.

Kwa nini liume ikiwa goti bovu limetolewa? Mara nyingine pana sababu ya kutafutwa. Pengine vijidudu vimeingia, au chuma kimelegea, au kiungo hakikukaa sawa. Pengine maumivu hayatoki gotini kabisa bali kwenye nyonga au uti wa mgongo, yakajidai kuwa ya goti. Kwa hiyo neno la kwanza ni kurudi kwa daktari, akupime damu na kukupiga picha, wala usikubali kufukuzwa kwa neno moja la kwamba ni uzee. Lakini mara nyingine hupimwa yote na hapaonekani kitu. Hapo watu huanza kumwambia mgonjwa kwamba anajifanya. Si kweli. Neva zilizobeba maumivu miaka kumi zimezoea kazi hiyo, na ubongo umekuwa mwepesi kuipokea. Mnawajua mbwa wa namna hiyo. Mwizi amekuja usiku mmoja, akakamatwa, akafungwa. Lakini mbwa atabweka miezi mingi baadaye kila jani likianguka. Ukimpiga hanyamazi. Humwambii kwamba hakuna mwizi, maana haelewi maneno. Humzoeza polepole, usiku baada ya usiku, kwamba uani mna amani.

Ndivyo maumivu haya yanavyotunzwa. Mtu asilale kitandani siku nzima kwa kuyaogopa, wala siku moja likitulia asikimbilie kulima mpaka jioni, kisha akalala siku tatu. Agawe kazi. Mstari mmoja wa maharagwe, akae. Mstari wa pili, akae. Atembee kila siku umbali ule ule, na baada ya wiki aongeze kidogo. Alale usingizi wa kutosha. Na kama moyo umeinama, kama hana hamu ya chakula wala ya watu, hilo nalo aliseme kwa daktari, kwa kuwa huzuni na maumivu ni majirani wanaoazimana moto, na huzuni nayo ina matibabu.

Juu ya dawa nina maneno machache makali. Tembe za parasetamoli za miligramu 500, mtu mzima asipite nane kwa siku, na awe mwangalifu kama amechanganya na dawa nyingine ya mafua yenye parasetamoli ndani yake. Zile tembe za kupunguza uvimbe zinazouzwa kila duka la dawa, diklofenaki na ibuprofeni, hutuliza kweli, lakini zikiliwa mwezi baada ya mwezi bila daktari kujua hutoboa tumbo, huharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Nao wazee wetu wengi wana shinikizo tayari. Wala mtu yeyote asikudunge sindano katika goti la bandia dukani au nyumbani, hata akiwa jamaa yako, wala asilichanje. Vijidudu vikiingia kwenye chuma hicho huweza kuilazimisha hospitali kukitoa chote. Kovu likitoa usaha, goti likiwa jekundu na homa ikapanda, nenda siku hiyo hiyo. Shavu la mguu likivimba ghafula na kuuma, nenda. Pumzi ikikatika au kifua kikichoma, usingoje kuche.

Nimeulizwa na wengi swali moja dogo ambalo halimo katika vitabu vya madaktari: Nitaombaje ikiwa siwezi kupiga magoti? Wanawake hasa huliuliza, wakiona haya. Kupiga goti juu ya goti la bandia kwa kawaida hakulivunji, na daktari akikuruhusu waweza kujaribu juu ya mto mnene; lakini wengi huona ni kama kupigia magoti juu ya changarawe, na wengine hawawezi kabisa. Basi mkumbukeni Yakobo. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma kwamba usiku kucha alishindana na mtu kwenye kivuko cha Yaboki, akaguswa nyonga ikateguka, akabarikiwa, na jua likamchea naye anachechemea. Angalieni mambo hayo mawili yalivyokuja pamoja asubuhi moja, baraka na kuchechemea. Hatusomi popote kwamba nyonga ile ilirudishwa. Na alipokuwa mzee wa kufa, waraka kwa Waebrania wamtaja akiabudu hali ameegemea fimbo yake. Hakuna aliyemwambia aiweke chini kwanza.

Naye Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na haukuondolewa. Angekuwa katika shirika zetu, nadhani tungalimpeleka kwa mwombaji mwingine mwenye sauti kubwa zaidi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji na wazee wa kanisa. Msimwite mtu mbele kutoa ushuhuda wa goti kabla ya mwaka mmoja kwisha. Atashukuru kwa kuamka salama katika dawa ya usingizi, atashukuru kwa waliochanga, hayo yote ni kweli. Lakini msimtie mdomoni neno ambalo mguu wake haujalisema. Na ninyi mnaosimama mlangoni kuwasalimu watu, acheni kuuliza, Umepona? Mwulizeni amelalaje. Mwulizeni leo ametembea mpaka wapi. Mtu aweza kujibu maswali hayo bila kusema uongo na bila kuwaaibisha waliomchangia.

Yule mama amerudi kanisani. Mzee aliyemtembelea alifanya jambo moja tu: alimwambia seremala wa kanisa aongeze miguu ya kiti kimoja na kukitia mikono, kikawekwa mwisho wa safu karibu na dirisha. Wengine wakisimama yeye husimama akishika mkono wa kiti. Wengine wakipiga magoti yeye huinamisha kichwa. Goti bado linauma wakati wa baridi, hasa Julai. Sasa vimehitajika viti viwili vingine vya namna ile, kwa ajili ya mzee mmoja wa nyonga na nyanya mmoja ambaye hakupasuliwa kitu ila amechoka tu.

Wakati wetu umekwisha, wapenzi. Wewe uliyekesha usiku wa leo kwa sababu ya goti, meza chai yako, kunja na kunyoosha mara kumi, kisha ufungue dirisha. Tutaonana tena wiki ijayo, saa hii hii, Mungu akipenda. Kwaherini.